Barua ya wazi: Msipange safari ya kusini mkaliruka Bonde la Kilombero

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Makamishna wa Uhifadhi wa TANAPA na TAWA,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Utalii Tanzania,
Nakala kwa mawakala wanaouza safari za kusini.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Masagati, kata iliyo mwisho kabisa wa Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, kule ambako Mkoa wa Morogoro unakaribiana na Njombe. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu watu wengi wasio na nafasi ya kukaa mezani kwenu. Kila mpango wa kufungua utalii wa kusini unapotangazwa, Bonde la Kilombero hutajwa kama mahali pa kulindwa. Halitajwi kama mahali pa kutembelewa. Ulinzi usio na mgeni umejaribiwa hapa kwa miongo mingi na haujafaulu, wala hautafaulu mpaka safari za kusini zipangwe upya ili zipite bondeni, zilale bondeni na kuacha fedha bondeni. Hilo ndilo dai langu lote, na naomba mnisikilize ninapolitetea.

1. Safari inayouzwa leo inaishia pale bonde linapoanzia

Mtu aliyeko Dar es Salaam akitaka kupanga siku nne au tano za kutazama wanyama upande wa kusini, atapewa mpango unaofanana karibu katika kila ofisi atakayoingia: Mikumi kwa gari, Nyerere kwa gari au ndege, na akiwa na siku za ziada, Ruaha kupitia Iringa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990, huwekwa kama nyongeza ya siku moja. Mgeni ashuke Mang'ula, apande hadi maporomoko ya Sanje yenye kimo cha mita 170, ateremke, na jioni awe ameshaondoka. Kutoka hapo kwenda Ifakara, kisha Mngeta, Chita, Mlimba hadi kwetu, mpangaji wa safari hana cha kushika. Hapati kalenda ya msimu wala orodha ya waongozaji wenye leseni, na ni vigumu kumpata wa kumweleza kibali cha eneo lililo chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kinaombwaje na kinalipiwa vipi. Matokeo yake ni kwamba hata mgeni mwenye hamu na nauli hubadili njia.

Siionei wivu kaskazini. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895, kutoka 1,527,230 wa mwaka 2019, na filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa mwaka 2022 imefanya kazi yake ya kuitangaza nchi. Lakini ongezeko hilo limeelemea Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar, na ni ninyi wenyewe mliosema kwamba mzigo huo ugawanywe na kusini ifunguliwe. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliolenga hifadhi nne: Mikumi, Ruaha, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Nyerere. Sehemu kubwa ya fikra ilikuwa ndani ya mipaka ya hifadhi, yaani barabara, viwanja vya ndege na malango. Aprili 2024 benki ilisimamisha utoaji wa fedha kufuatia malalamiko ya wanavijiji waliozunguka Ruaha, na baadaye mradi ukafungwa kabla ya wakati. Somo ninalolipata hapo ni la kivitendo kabisa: ukipanga utalii kwa kumtazama mnyama aliye ndani ya uzio ukamsahau mtu aliye nje yake, hata fedha zilizokwisha kuidhinishwa zitakukwama mkononi.

2. Bonde lina mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona kwingine

Wengi wa waandaaji wa safari hawalifahamu bonde hili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Bonde la mafuriko la Kilombero liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, miaka miwili baada ya Tanzania kujiunga na mkataba huo, likiwa na hekta 796,735. Wakati huo lilihesabiwa kuwa makazi ya karibu robo tatu ya sheshe wote waliobaki duniani. Sheshe ni swala mwekundu wa nyasi za majini, ambaye Mtanzania aliyezoea swala pala wa Mikumi anaweza kumaliza maisha yake bila kumwona. Yupo pia mnana wa Kilombero, ndege aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 na ambaye haishi popote nje ya bonde hili. Wapenzi wa ndege huvuka bahari kwa ajili ya viumbe wa aina hiyo. Wanapofika Ifakara wanakuta kwamba hakuna aliyejiandaa kuwapokea.

Halafu kuna Kihansi, ambayo iko jirani yetu. Korongo hilo lilikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyegunduliwa mwaka 1996, anayezaa watoto hai na aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache tu. Maji yalipogeuzwa kuendesha mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani wakatunzwe na kuzalishwa katika bustani za wanyama, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Baadaye vizazi vya wale waliopelekwa vilirudishwa nchini, na kuanzia mwaka 2012 vikaachiliwa tena korongoni, penye mfumo wa mabomba uliowekwa kutengeneza manyunyu. Ni mojawapo ya habari kubwa za uhifadhi duniani, ya nchi iliyohitaji umeme na isiyokubali kumpoteza kiumbe. Inasimuliwa New York. Mlimba hakuna hata chumba kimoja ambamo mgeni au mwanafunzi anaweza kuisikia. Sisemi watu waingizwe korongoni, kwa maana ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani kote husafiri hata kwa matope ya viatu. Ninasema habari hiyo iwekwe mahali panapofikika.

Na njia yenyewe ni kivutio. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakatiza eneo la hifadhi ya Nyerere, na abiria wa kawaida huwaona twiga na tembo dirishani bila kulipa kiingilio chochote. Ikitoka humo hupita chini ya milima ya Udzungwa, husimama Mang'ula, Ifakara na Mlimba, kisha huanza kuupanda ukuta wa milima kuelekea Makambako kwa mahandaki na madaraja, likiwemo daraja la Mto Mpanga lililosimama kwenye nguzo za mita 50 hivi. Nchi nyingine ingeiuza safari hiyo peke yake.

3. Wenyeji ndio waliowafundisha wataalamu

Mwaka 1979 watafiti waliokuwa katika msitu wa Mwanihana walisikia mlio wa nyani wasiyemtambua. Mwongozaji wao, mtu wa hapa, alimtambua mara moja: ng'olaga. Sayansi ikapata aina mpya, ambayo leo inaitwa kwa jina la Sanje. Mwaka 1991 akapatikana kwale wa Udzungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kima aitwaye kipunji akaonekana katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima hiyohiyo. Mwindaji, mrina asali na mvuvi wa Kindamba wamekuwa na elimu ambayo haipatikani katika vyuo vya uhifadhi vya Mweka wala Pasiansi. Hata hivyo elimu hiyo haina thamani yoyote ya kisheria katika utaratibu wenu wa leseni za uongozaji, unaotaka cheti na ada ambavyo kijana wa Utengule au Masagati hana njia ya kuvipata. Mgeni anayekuja huletwa na mwongozaji kutoka mbali, naye huondoka naye.

4. Kilichotufikia ni makatazo

Eneo hili lilitangazwa Pori Tengefu mwaka 1952. Kwa miaka mingi vijiji viliishi, vikalima na kuvua humo, na sheria iliruhusu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ikabana kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu. Mwaka 2011 akina mama wa vijiji vinavyopakana na Udzungwa wakakatazwa kuokota kuni kavu hifadhini, ruhusa waliyokuwa nayo kwa siku moja ya wiki. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Katika miaka ya karibuni pori tengefu limepandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, na vigingi vikafuata.

Sitasema kwamba makatazo hayo yote hayakuwa na sababu. Mashamba ya mpunga yameingia ndani ya nyasi za sheshe, mifugo imezidi, na shoroba za tembo za Ruipa na Nyanganje, zilizokuwa zikiunganisha Udzungwa na Pori la Akiba la Selous, zimezibwa na makazi na mashamba. Anayekanusha hayo halitakii bonde mema. Na maji yake hayaishii kwetu: Mto Kilombero unachangia asilimia 62 hivi ya maji ya Mto Rufiji, mto unaoendesha Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kijito kinachokauka Masagati kinahusu taa ya Dar es Salaam. Lakini hatua zote nilizozitaja zilimwambia mwanakijiji nini asifanye, na hakuna iliyomletea mgeni mlangoni ili aone kwa macho yake faida ya mnyama aliye hai. Tembo akila mpunga, mkulima husubiri kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011. Tembo huyo akipigwa picha na mtalii, mkulima hapati kitu. Nani angewapenda tembo kwa hesabu hiyo?

Inawezekana kufanya tofauti, na ushahidi uko humu humu bondeni. Katika eneo la Mang'ula, Sole na Kanyenja wanavijiji walikubali kuachia ardhi ili ushoroba wa tembo ufunguliwe tena, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara ikatengenezewa njia ya tembo chini yake. Walikubali kwa sababu walikalishwa chini, wakasikilizwa, na mashamba yaliyoguswa yakafidiwa. Nchini Uganda nako sheria inaitaka mamlaka ya wanyamapori itoe asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii jirani, na pembeni ya Bwindi fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sisi tumezoea kusubiri "ujirani mwema" unaokuja kwa njia ya madawati, kwa kiasi na wakati ambao kijiji hakiwezi kuupangia bajeti.

5. Najua mtakachonijibu

Mtasema Masagati haina simba wa kuonyesha. Ni kweli, na ndiyo maana siombi barabara za magari ya kuzungukia wanyama. Udzungwa haina barabara hizo vilevile, mgeni hutembea kwa miguu kutwa nzima, na bado watu huja. Safari ya bonde ni ya miguu, mtumbwi na treni. Safari ya namna hiyo ni nafuu kuliko kukodi gari aina ya Land Cruiser, na kwa hiyo inamfaa mwalimu wa Morogoro au mfanyakazi wa Kariakoo mwenye likizo ya siku tano na familia. Tunalalamika kwamba Watanzania hawatembelei hifadhi zao, huku tukiwapangia safari ambazo hawawezi kuzilipia.

Mtasema bonde hujaa maji. Ndiyo, kuanzia Machi hadi Mei hakuna mtu mwenye akili atakayempeleka mgeni huko, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaonyesha wote nguvu ya mito yetu. Basi kalenda iseme hivyo waziwazi: masika bonde limefungwa, Juni hadi Oktoba limefunguliwa. Ukubwa wa hasara hauko kwenye maji. Uko kwenye kutokuwa na mtu wa kumwambia mgeni aje lini.

Mtasema fedha za barabara hazipo. Barabara ya Ifakara hadi Mlimba tunaidai kwa ajili ya mpunga, kakao na wagonjwa kabla ya watalii, na tutaendelea kuidai. Utalii, hata hivyo, unaweza kuanza na reli iliyopo. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mazungumzo hayo yamejaa shaba na makontena. Sijasikia sauti ya Wizara ya Utalii ikidai behewa.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote inatoka kwa majirani zangu. Wanasema: mgeni akija, na kigingi kitamfuata. Wakiona mahali panapendwa, watatuondoa. Hofu hiyo haikuzuka hewani, na mtu wa serikali anayeibeza hajui alichokirithi. Jibu pekee litakaloaminika ni la maandishi, linalosema kwamba utalii wa bonde utaendeshwa juu ya ardhi ya vijiji ikibaki kuwa ya vijiji, kwa mikataba inayosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kwamba hakuna mpaka utakaosogezwa kwa kisingizio cha utalii. Jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya ILUMA, inayounganisha vijiji vya pande za Kilombero na Ulanga, ni mahali pa kuanzia. Iimarishwe kwanza, ilipwe stahili zake kwa wakati, kabla ya kuunda chombo kingine.

6. Tunachoomba

Kwa TANAPA na TAWA: toeni kibali kimoja cha safari ya bonde, kinacholipiwa kwa namba moja ya malipo, kitakachomwezesha mtu kuingia Udzungwa kwa siku kadhaa na kufika maeneo yaliyoruhusiwa ya ardhioevu bila kuzunguka kati ya Arusha, Morogoro na Ifakara. Katika kibali hicho asilimia inayokwenda kwa vijiji iandikwe kwenye risiti yenyewe ili mgeni aione na kijiji kiidai.

Kwa Wizara: anzisheni leseni ya mwongozaji wa kijiji, kwa mafunzo mafupi yatakayofanyika Ifakara au Mlimba, kwa Kiswahili, na ada inayolingana na kipato cha mkulima. Lugha za kigeni zitakuja baadaye. Mtanzania anayetembelea nchi yake hazihitaji.

Kwa Bodi ya Utalii: kaeni na TAZARA mtafute behewa moja la wageni kwa miezi ya kiangazi, lenye vituo vya Mang'ula na Mlimba. Mwekeni Mlimba mtu mmoja na chumba kimoja cha maelezo, habari ya chura wa Kihansi ikiwemo. Na mawakala, wekeni bonde kwenye mipango yenu, walau usiku mbili. Nyumba za kulala wageni za Ifakara na Mlimba ni za kawaida, mwambieni mgeni ukweli huo mapema, naye ataamua.

Kwa ninyi nyote: njooni mkutane na serikali za vijiji kabla mpango haujaandikwa, msije na mpango uliokwisha kupigwa muhuri. Masagati ni mbali, lakini watumishi waliokuja kutuonyesha mipaka walifika.

Sheshe wamepungua na wanaendelea kupungua, na kila msimu wa kilimo unakula kipande kingine cha nyasi zao. Tunaomba jibu la maandishi kupitia Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba kabla ya kiangazi kijacho kuanza mwezi Juni, likitaja nani atafanya nini na kwa fedha zipi. Tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote mtakayoitaja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Masagati,
Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, Morogoro.